Mtoto Aliyekosa Kisanduku Chake

Shangazi Mshauri mpendwa,

Nisaidie, maana tangu juzi simu ikilia tu nashtuka. Mimi ni karani katika kampuni ndogo ya kutengeneza programu za kompyuta, kazi yangu ni kuandika maelezo ya wateja kama wanavyoyasema, kisha kuyaingiza kwenye mashine inayoyageuza kuwa mchoro wa visanduku na mistari, kila kisanduku kikiwa kitu ambacho programu itakitambua na kukitunzia habari zake, na mafundi hujenga kwa kuufuata mchoro huo. Safari hii mteja ni wodi ya wazazi, na wauguzi walinieleza kazi yao wakisema "mama wa kitanda cha dirishani na mtoto wake", kwa kuwa kichanga hana jina bado, basi mashine ikachora kisanduku cha mama, na mtoto ikamtia humo humo, mstari mmoja chini ya umri na uzito wa mama, kana kwamba ni kiungo chake, na dawa zote zitapimwa kwa uzito ulio kwenye kisanduku, ambao ni wa mama.

Mkuu wangu ni mjomba wangu, ndiye aliyenitafutia kazi. Nilipomwonyesha alicheka. "Mpwa wangu, mashine imeelewa kuliko wewe. Au umeshawahi kuzaa?" Fundi mmoja akadakia, "Bosi, mpishe karani, ameshikwa na uchungu!" Ofisi nzima ikaangua kicheko. Kisha mjomba akaninong'oneza kwamba mchoro umeshapitishwa, na nikiutibua atanifukuza nirudi kukaa kwa mama yangu. Wodi itaanza kuitumia programu hiyo mwezi ujao. Naogopa kusema, naogopa kunyamaza. Nifanyeje?

Karani mwenye hofu

*

Karani mwanangu,

Pole. Hofu yako ina akili kuliko mjomba wako. Lakini nikugombeze kidogo: ulipoona kosa, mbona hukurudi kwa wauguzi? Mashine ilichora ilichoambiwa. Wauguzi hawakusema kwamba kichanga hupimwa peke yake kwa sababu kwao hilo halihitaji kusemwa, na wewe hukuuliza.

Kesho asubuhi mwambie mjomba, kwa heshima na bila machozi, kwamba unaupeleka mchoro wodini. Usiombe ruhusa, mwarifu. Ukifika, usimsomee muuguzi mkuu visanduku, atasinzia. Mwambie akusimulie kuhusu mapacha, mmoja mzima na mwingine mgonjwa: nani anapimwa, nani anapewa dawa, inaandikwa wapi. Wewe fuatisha kwa kidole kwenye mchoro. Kidole kitakapokosa pa kwenda, ataona mwenyewe, na mjomba hawezi kumcheka mteja.

Unaweza kufukuzwa, sikufichi. Mama yako atanuna, mtazoeana, utapata kazi nyingine. Lakini dawa ya mtu mzima ikishaingia kwenye mshipa wa kichanga, hakuna fundi wa kuifuta.

Basi nenda. Mtoto wa mwezi ujao apate kisanduku chake kabla hajazaliwa.