Mwezi wa Nne wa Mushtarii Niliuona Mimi

Mpendwa mdogo wangu Rehema,

Ujumbe wako nimeupata. Unataka nikutumie lile daftari la kijani, lile tulilochora nyota juu ya lori la baba, ili uwaonyeshe wakubwa wako wa chuo siku utakapoeleza utafiti wako wa sayari ya Mushtarii na miezi yake. Umeandika "tafadhali dada" mara mbili. Ukiniandikia mara mbili najua una shida, kwa sababu usipokuwa na shida huniandikii kabisa.

Nitakujibu, lakini kwanza nina neno. Ile video uliyomtumia baba tumeitazama. Aliiegemeza simu kwenye mto, maana mkono wake wa kushoto bado hauna nguvu, akaita na majirani. Ukaonekana umesimama mbele ya picha ya Mushtarii yenyewe, na mistari yake ya mawingu, umevaa koti zito, unaongea Kiingereza cha puani. Ukawaambia watu kwamba ulipokuwa mtoto hapa Malaba ulipanda juu ya lori na kuhesabu miezi minne ya sayari hiyo. Mimi nilikuwa namenya matoke. Nikaweka kisu chini.

Minne, Rehema? Wewe ulihesabu mitatu. Wa nne niliuona mimi.

Naona ughaibuni kumekusahaulisha, basi nikukumbushe. Ilikuwa mwisho wa Ramadhani. Unajua mpaka wetu ulivyo: Kenya wanatangaza mwezi wao, Uganda wanatangaza wao, na mwaka uliotangulia mama mdogo wa ng'ambo alikula pilau ya Idi huku sisi, mwendo wa dakika kumi kwa miguu, bado tumefunga. Baba alikasirika sana. Akaapa kwamba safari hii hangoji redio ya nchi yoyote, atautazama mwezi kwa macho yake. Akaazima darubini ya macho mawili kwa dereva mwenzake aliyekuwa akienda Kigali.

Lori lilikaa kwenye foleni siku tatu. Kila magharibi mama alitutuma tumpelekee futari, mimi nimebeba sufuria ya uji, wewe mihogo. Akishakula anatupandisha juu ya turubai na kutuachia darubini tuchezee. Ndipo tukaiona ile nyota kubwa upande wa Kenya, juu ya mapaa ya mabati, na vinukta vidogo vimejipanga pembeni yake. Mwalimu wako wa sayansi ndiye aliyetuambia kwamba hiyo si nyota, ni Mushtarii, na vinukta vile ni miezi yake.

Unakumbuka tulivyovichora? Jioni mbili nzima tulichora vijinyoka. Wewe ukaandika chini yake kwa mwandiko wako wa madoido: "Miezi ya Mushtarii inatetemeka sana." Tuliamini kabisa kwamba tumegundua kitu. Kumbe ni injini. Betri ya lori ilikuwa mbovu, baba alikuwa haizimi injini kwa kuogopa kwamba haitawaka tena, na sisi tumekaa juu yake tunatikiswa pamoja na mbingu yote.

Jioni ya tatu ndiyo iliyokuwa ya kutafuta mwezi wa Idi. Baba akapanda mwenyewe, akaelekeza darubini magharibi, kwenye mwamba wa Tororo. Picha ikamchezea mpaka akachoka. Akashuka, akazima injini, akapanda tena. Kukawa kimya. Mara akasema, "Umeandama," kwa sauti ndogo, kisha kwa sauti kubwa, na madereva wa foleni nzima wakapiga honi.

Hapo ndipo nilipoichukua darubini na kugeukia Kenya. Lori limetulia, mikono yangu imetulia. Vile vijinyoka vikawa nukta safi, miezi mitatu karibu karibu, na mmoja mbali, hafifu, kama umesahauliwa pembeni. Nikakwambia, "Rehema, iko ine."

Na baba akatucheka kutoka upande wake: "Nyinyi watoto, mwezi iko huku, nyinyi naangalia wapi?"

Ukaninyang'anya darubini. Wakati huohuo foleni ikasogea. Madereva wakaja kusukuma lori, injini ikawaka, mbingu ikaanza tena kutikisika. Wewe ukaangalia, ukaangalia, ukasema, "Iko tatu tu, dada. Unadanganya." Ukachora mitatu. Nikachukua penseli nikaongeza wa nne, kule pembeni ulikokuwa. Ukaupiga mkasi, ile alama ya kosa, ukakandamiza penseli mpaka karatasi ikatoboka. Nikakuzaba kofi, nalikubali, na baba akanigombeza mimi. "Wewe ndiye mkubwa," akasema. "Muachie."

Kesho yake ikawa Idi, na darubini ikaenda Kigali na mwenyewe.

Neno hilo la "muachie" limenifuata sana, mdogo wangu. Mwaka baba alipopooza, barua yangu ya kukubaliwa chuo ilikuwa tayari imo kwenye kabati la mama. Hakuna aliyenilazimisha. Mtu alitakiwa kushika kazi, na mimi ndiye mkubwa. Nikaingia klaringi, kupitisha karatasi za malori mpakani, nikasema ni mwaka mmoja tu. Wewe ukamaliza shule Tororo, ukaenda Kampala, kisha ukapanda ndege.

Nakuonea wivu. Ninaandika waziwazi ili usiseme dada ananung'unika chini chini. Koti lako silitaki, na hiyo baridi nakuachia. Ninachokionea wivu ni kwamba wewe kila asubuhi kuna mtu anakuuliza habari za Mushtarii, na analipenda jibu lako. Mimi kila asubuhi naulizwa, "Madamu, karatasi zimetoka?"

Wala usidhani kwamba sijui kitu. Mfumo wa forodha ukikwama, na unakwama mara nyingi, natoa simu nasikiliza masomo. Najua lile doa jekundu ni dhoruba pana kuliko dunia yetu na linazidi kupungua. Najua Mushtarii nayo ina pete, za vumbi, nyembamba kiasi kwamba watu husahau kuzitaja. Najua kuna mwezi wenye barafu juu na bahari chini yake, na kuna chombo kiko njiani kwenda kuuchunguza. Juzi dereva mmoja alichungulia picha ya Mushtarii kwenye simu yangu akauliza, "Hiyo ni chapati?" Nikamweleza habari za angahewa na mikanda ya mawingu mpaka afisa akaita namba yake. Nilifurahi siku nzima, kisha jioni nikakuchukia kidogo.

Na huo wa nne nimeusoma kuliko yote. Wale watatu wa ndani wanazunguka kwa mpango mmoja, wanavutana, wanachemka, wanapasuka barafu, kila mtu anawapenda. Wa nne uko nje ya mpango wao. Umebaki mbali, umejaa makovu, unazunguka polepole. Huo ndio uliouchukua mbele ya watu, Rehema, wakati unayo mingine yote.

Jana nilimuuliza baba ni nani aliyeuona. Alifikiri sana, maskini, kisha akasema, "Mimi nilikuwa naangalia mwezi wa Idi." Kwa hiyo shahidi hakuna. Tuko mimi, wewe na daftari.

Nililitoa chini ya godoro. Nilifikiria kukwambia limeliwa na mchwa. Kisha nikachukua kifutio, nikataka kuufuta mkasi wako ili wa nne ubaki peke yake, safi. Nilikaa nacho mkononi mpaka uji ukaungua. Sikufuta kitu.

Nimelifunga kwenye nailoni, nimempa binti wa jirani anayesafiri kuja huko. Siku yako ikifika, fungua ukurasa wenye tundu. Waonyeshe ulichokikata, kisha waambie nani alikichora. Mimi na baba tutakuwa tunaangalia kwenye simu. Sitakupigia kwanza kukukumbusha, na ukifika hapo ukanyamaza, sitakugombeza pia. Nitajua tu kwamba bado unaona mitatu.

Kula vizuri, na uvae hilo koti.

Ni mimi dada yako mkubwa,
niliyekuachia darubini.