Wiki ya Ibada ya Skafu za Njano

Jumatatu, 3 Juni

Wifi yangu,

Salamu zako zimefika na zimepokewa. Huku wote wazima, isipokuwa kichwa changu, na unajua kimeanza kuuma lini. Wewe je, na hao wagonjwa wako? Barua hii nimempa dereva wa gari la dawa, maana simu yako kila nikipiga naambiwa haipatikani, na nimechoka kubishana na yule mwanamke wa kwenye simu.

Wifi, uliniachia kikundi chako cha wasichana ukasema ni kwa muda tu, mpaka uhamisho uishe. Ukasema kazi yenyewe ni kukaa nao Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa, kuwafundisha kufunga vidonda na kuangalia skafu zao za njano zisiwe na madoa. Wiki ya Ibada hukunitajia. Hukuniambia kwamba mimi, msusi, ninayeonekana kanisani kwenye harusi na mazishi, nitawapeleka wote msikitini Ijumaa na kanisani Jumapili, Waislamu kwa Wakristo, wakiwa ndani ya sare, kila mmoja ashukuru kwa imani yake na wenzake wamsindikize. Ni jambo zuri, sikatai. Tatizo ni wenye nalo, na wote wamehamia saluni kwangu.

Mama mmoja kaja kuniuliza kama nataka kumbadilisha mwanawe dini. Nilikuwa na chanuo mkononi. Nikamwambia, mama, mimi hata mtindo wa nywele wa mwanao sijawahi kuubadilisha. Mwingine anataka kujua skafu ikae juu ya hijabu au chini yake. Mzee wa kanisa, yule mwenye funguo za ukumbi, kapita hapa kuuliza nani atakaa benchi gani, kesho yake kapita tena kuuliza hilo hilo, kana kwamba usiku nilihamisha mabenchi.

Halafu kuna Kwanini. Unamjua, binti wa fundi baiskeli, wenzake wamempa jina hilo kwa sababu hana swali lingine. Jumamosi kanyoosha mkono. "Shangazi, Ijumaa wana siku yao, Jumapili wana siku yao. Kwa nini mimi sina?"

Nikamuuliza kwani nyumbani wanasali wapi.

"Hatusali," akasema. "Tangu mama afariki, baba na Mungu hawasemezani."

Alisema hivyo kama mtu anayekuambia bomba limeharibika. Mimi nikajifanya nahesabu skafu. Niambie la kufanya, na usichelewe.

Mumeo anakula kwangu kila jioni, halafu anasifu mapishi yako. Mkanye.

Wifi yako wa saluni


Ijumaa, 7 Juni

Wifi yangu mpendwa,

Natumai kichwa kimetulia. Mimi ni mzima ila miguu. Wodi hii ndefu na wauguzi tuko wachache. Mume wangu mpe sufuria aoshe, ataacha kusifu.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na kote imenichosha. Wifi, hayo yote nilikueleza. Nilikaa kwenye kiti chako unanisuka, nikaeleza kuanzia utosini mpaka kisogoni, wewe ukawa unaitikia "ehe, ehe" huku unasikiliza redio.

Skafu inakaa juu. Yule mama anayeogopa dini, mwambie aje naye, aketi, aone. Kwanini aandamane na wenzake siku zote mbili, basi. Ila mwambie maswali ayaache nyumbani.

Na tafadhali, chunga sana kwa mzee wa kanisa. Nimembembeleza yule mtu miaka mpaka akakubali kutupa ukumbi, na bado anatuangalia kama wageni waliokaa kupita kiasi. Ukumbi ukienda, kikundi kimekwenda. Akisema kaeni hapa, kaeni. Akisema simameni, simameni. Mimi nimemeza mengi pale kwa ajili ya wale watoto, na wewe umeze kidogo, ni asubuhi moja tu.

Wifi yako wa wodini


Jumamosi, 15 Juni

Wifi yangu,

Hujambo? Mimi sijambo, na leo kichwa hakiumi, liandike hilo mahali.

Jana tumekwenda msikitini. Kabla ya kufika nilikuwa nimekwisha kugombana nao kuhusu soksi. Umewafundisha huduma ya kwanza, hukuwafundisha kwamba msikitini viatu vinavuliwa na soksi zinaonekana. Dunia nzima imeona vidole vya wanao.

Lakini walitupokea vizuri. Mke wa shehe alitupeleka upande wa wanawake, wasichana wa Kiislamu wakasali, wengine wakakaa nyuma wametulia, nami nikapata kupumua. Baadaye shehe akaja kuzungumza nao barazani. Akauliza kama kuna mwenye swali. Nikamkazia macho Kwanini. Nilimkazia macho yote niliyonayo.

Akasimama. "Mtu akimkasirikia Mungu, anaruhusiwa kuingia humu?"

Wifi, nilitafuta pa kujificha nikakuta ni uwanja mtupu. Shehe akajikuna ndevu. Akasema, "Aingie na hasira zake. Aache viatu tu."

Kwanini akaitikia kwa kichwa, akakaa. Njiani hakuuliza kitu tena mpaka tunaachana, nikadhani anaumwa.

Kesho ni kanisani. Nimepanga na mchungaji mwenyewe: wasichana wote wanaitwa mbele pamoja, wanaimba wimbo wao, wanaombewa, wanarudi kukaa. Soksi zimekaguliwa. Nitakuandikia kesho hiyo hiyo.

Wifi yako wa saluni


Alhamisi, 20 Juni

Wifi,

Hujambo. Mimi ni mzima.

Uliahidi barua ya Jumapili. Leo Alhamisi, dereva kashusha dawa, mfukoni hana kitu ila maneno. Ananiambia mkewe alikuwepo kanisani, kwamba wasichana wametoka katikati ya ibada, wewe mbele yao. Nikamwambia umechanganya, huyo si wifi yangu. Akasema alikuwa amevaa gauni la zambarau. Ni wewe.

Umefanya nini? Niliandika neno moja tu la maana katika barua yangu, nalo ni ukumbi. Niandikie.

Wifi yako


Jumatano, 26 Juni

Wifi,

Dereva amekuja tena mikono mitupu. Anasema ukumbi umefungwa kwa kufuli jipya na wasichana wanakutana saluni, katikati ya madrai ya kukaushia nywele na ndoo za maji. Mume wangu naye kaniandikia mstari mmoja: "Huku kuna mambo, wifi yako atakueleza." Mmekula kiapo?

Wale watoto niliwakusanya mlango kwa mlango. Baba wa huyo Kwanini nilimwomba mara ngapi. Kama umeshindwa, sema umeshindwa, niombe ruhusa nije. Kunyamaza ndiko kunakoniua.

Wifi yako


Jumatatu, 1 Julai

Wifi yangu,

Naomba uwe mzima, na naomba uwe umekaa. Barua zako nilizipata zote. Sikujibu kwa sababu wiki ya kwanza nilikuwa na hasira, na ya pili sikujua mwisho wake. Sikutaka kukutumia nusu.

Jumapili ile tulikaa vizuri. Mchungaji akatangaza wasichana waje mbele, wakaenda wote. Hapo mzee wa kanisa akachukua kipaza sauti. Akasema wa kanisani wabaki mbele waombewe, wale wengine warudi wakae. Hatukupanga hivyo. Nikamtazama mchungaji, naye akatazama Biblia yake.

Wasichana wa Kiislamu wakarudi benchi. Kwanini akabaki katikati, hayuko huku wala kule.

"Wewe ni wa wapi?" mzee akamuuliza, kwenye kipaza sauti.

"Sijui bado," akasema. "Naomba nisimame na wenzangu."

Mzee akasema, "Hapa si stendi ya basi, mtu kusimama hajui anakokwenda."

Watu wakacheka, wifi. Kanisa zima. Mtoto akaanza kulia pale pale, amesimama wima, hajui aiweke wapi mikono. Basi wale wa mbele, wanakwaya wako, mabinti wa wazee wa kanisa humo ndani, wakashuka mmoja mmoja, wakamshika mkono wakaenda kukaa naye kwenye benchi la wenzao. Mzee akawaamuru warudi mbele. Hawakurudi. Akasema, basi kama hamtaki baraka, mlango ule pale.

Nikainuka. Nakuapia niliinuka ili niwaambie warudi. Nilikuwa nafikiria ukumbi wako, nimeshaandaa na sauti ya ukali. Nikafungua mdomo, nikasikia nasema, "Wasichana, tunatoka." Na tulikuwa tumeshafika nje ndipo nikaelewa ni mimi niliyesema.

Nikawapeleka saluni, ningewapeleka wapi. Wakakaa sakafuni wakaimba wimbo wao, kisha kila mmoja akaomba kwa namna yake. Walilia, wakacheka, wakamaliza sukari yangu.

Fundi baiskeli akatokea mlangoni, mikono imejaa grisi. Alikwisha kusikia. Akamwuliza bintiye, "Wamekutoa?" Binti akasema ndiyo. Akageuka akaenda. Nikamkimbilia nikidhani anakwenda kupiga mtu.

Akaingia kanisani na ovaroli lake, akasimama nyuma mpaka ibada ikaisha. Hajakanyaga pale tangu azike mkewe. Watu walipokuwa wanatoka akamwendea mchungaji, akamwambia taratibu kabisa, "Mimi nilitoka humu mwenyewe. Mwanangu ameingia mwenyewe, mkamtoa ninyi. Naomba uje umwambie kwa nini."

Mchungaji akaja naye saluni. Akakaa chini ya drai, maana kiti kingine hakikuwepo, akawaomba radhi. Kwanini akamuuliza mbona yeye alinyamaza mzee aliposema. Mchungaji akasema, "Niliogopa kugombana mbele za watu." Kwanini akasema, "Mimi pia niliogopa." Hakusema kwa ukali, ila mchungaji wa watu alitoa leso.

Akawaalika warudi kanisani Jumapili yoyote watakayoichagua. Wakamjibu watajadiliana. Wifi, walijadiliana wiki mbili nzima, ndani ya saluni yangu, na wateja nao wakapiga kura.

Jana ndiyo tumerudi. Mchungaji akawaita wote mbele, akawaombea wote, akaeleza kwa nini. Mzee wa kanisa alitazama dari tangu mwanzo hadi mwisho. Fundi baiskeli alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, amekunja mikono, hakuimba hata neno. Lakini alikaa.

Kufuli halijatoka. Ukumbi wako nimeupoteza, na hilo ndilo sikuweza kuliandika.

Wifi yako


Ijumaa, 5 Julai

Wifi yangu,

Nimekaa, kama ulivyoomba.

Kwanza, umenikera. Ungeniandikia hata mstari. Hapa nimechoma sindano watu huku nawaza wanangu wametawanyika. Pili, mzee wa kanisa nimemwandikia, na sikuandika kwa adabu niliyoizoea. Tatu, sukari nitakurudishia.

Lakini kinachonisumbua zaidi si wewe. Tangu nisome barua yako najiweka pale kwenye benchi, nimevaa sare yangu, naye ameshika kipaza sauti. Nimejaribu kila namna, na kila mara najiona nainuka, nawaambia warudi mbele, nao wanarudi, kwa sababu mimi huwa wananisikiliza. Mtoto angebaki amesimama peke yake. Na mimi ningetoka pale nimefurahi kwamba ukumbi bado tunao.

Hili sijamwambia mtu. Nimeomba ruhusa, nimepewa ya mwisho wa mwezi. Nitakuja saluni Jumamosi, nitakaa sakafuni na wasichana, na usiwaambie nyamazeni mwalimu wenu amekuja.

Wifi yako wa wodini