Mkataba wa Ndiva Usio na Tundu

Mhezi,
Same.
Alhamisi, 7 Novemba 2024

Mpendwa kaka Joel,

Shikamoo. Hamjambo, wewe na wifi Jenifer? Kile kifua chake kimepona? Huku tu wazima, na goti la mama limepungua uvimbe. Nimekupigia simu siku tatu hupokei, ndiyo maana naandika.

Kaka, nina hasira, na sitaificha. Jumamosi asubuhi tulipanda kwenye ndiva, bwawa letu sote, kijiji kizima kwa msaragambo, kutoa tope kama kila mwaka ili tupate maji ya maharage na tangawizi. Tukakuta geti la mabati, na mlinzi wa lile shamba la mboga la Hedaru. Akasema bwawa ni la tajiri wake kwa miaka kumi. Shangazi Hedwiga akatua karai, akamwambia, “Mwanangu, tope unalolilinda nimelibeba mimi kichwani kabla mama yako hajaolewa.” Watu walicheka, lakini geti halikufunguliwa.

Unakumbuka ulivyowasifia wale mawakili wa Moshi walioandika mkataba wetu na shamba hilo. Kwamba makampuni kutoka Tanga mpaka Arusha yanawategemea, kwamba mkataba wao haujawahi kuvunjwa mahakamani. Juzi nilikwenda ofisini kwao. Sifa zao ni za kweli. Mkataba wetu hauna hata tundu la sindano.

Wakili Careen alinipokea vizuri, akafungua jalada. Mzee Loth ameandikwa mmiliki wa ndiva, na ameikodisha yote. Nilimweleza kwamba mzee ni mfungua maji tu. Anagawa zamu, na mbele ya wageni tunamwacha aseme kwa niaba yetu. Akanijibu, “Dada, nilimuuliza kama ndiva ni yake, akasema ndiyo. Hakuna aliyepinga.”

Nani kwetu humkatiza mzee mbele ya mgeni? Mzee mwenyewe siku hizi hali chakula.

Jana nikafungua shajara yangu. Jumatano, 12 Juni: “Joel amesoma mkataba wote, Kiingereza, dakika arobaini. Amesema uko safi. Ametia saini ya shahidi.” Sisi hatukujua kilichoandikwa. Wewe ulijua, na ndiva unaijua, umejifunza kuogelea humo. Tangu Jumamosi nimewalaani mawakili. Kumbe wao waliandika walichoambiwa. Wewe ndiye uliyenyamaza.

Careen anasema shahidi akiapa kwamba mzee alisema kwa niaba ya watu wote, kuna njia ya kuurekebisha mkataba. Aliyetia saini ya shahidi ni wewe peke yako. Careen atakuwa Same Jumatatu tarehe 18, saa tatu asubuhi. Njoo. Usinitumie ujumbe wa kujieleza.

Mama, shangazi na Tumainieli wanakusalimu. Mzee Loth hakutuma salamu. Ameniomba tu nikuulize kama utakuja.

Mungu akufikishe salama.

Wako akupendaye, ingawa leo kwa shida,

Prisca