Maziwa ya Bibi Harusi

Kirumba, Mwanza
3 Februari 2025

Mama mpendwa,
Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Sisi wazima. Mama, ndoa tamu! Nurudin akitoka kwenye cherehani yake ananiletea sato na kipande cha tikiti, tena ananichagulia mnofu yeye mwenyewe. Usicheke!

Lakini kuna jambo naona aibu hata kuliandika, na kwenye simu mama mkwe angesikia. Matiti yangu yanatoa maziwa. Nimepima mimba, sina. Jana nguo ililowa mbele ya mama mkwe, akaniuliza, "Mwali, mtoto umemwacha wapi?" Akacheka. Nurudin sijamwambia. Nifanyeje?

Binti yako,
Maulida


Kisesa
9 Februari

Mwanangu,
Marahaba. Miguu ni ile ile. Ng'ombe asiyezaa hatoi maziwa. Ulipokuwa unasoma, ukikaa kwa shangazi yako huko Nyegezi, kulitokea nini? Niambie mimi kabla mumeo hajasikia kwa watu.

Mama yako


Kirumba
20 Machi

Mama,
Shikamoo. Nilishindwa kujibu. Barua yako niliisoma chooni, nikalia humo humo.

Kumbe Nurudin alikuwa anajua. Alinishonea gauni, kifuani katia kitambaa cha ndani mara mbili. Nilipoligeuza nikaiona ile mishono, nilijifunika uso. Akasema, "Mke wangu, hospitali tunakwenda kwa miguu, au nikubebe?"

Daktari aliuliza dawa ninazomeza. Ni ile ya mapigo ya moyo, Mama, niliyoanzishiwa kabla ya harusi. Ubongoni kuna seli zinazotoa homoni ya kuzuia maziwa, na haziitoi mpaka kalsiamu iingie ndani yao. Dawa inapunguza kalsiamu inayoingia kwenye seli za moyo. Kwangu ikazibana na hizo za ubongoni. Kizuizi kikapungua, maziwa yakaja. Wamenibadilishia dawa, sasa nimekauka.

Sijawahi kuzaa. Nurudin hakuniuliza hilo hata mara moja.

Maulida


Kisesa
24 Machi

Mwanangu,
Marahaba. Safari hii hukuandika "binti yako". Nimeona.

Nilikwenda Nyegezi. Nilimuuliza shangazi yako kama ulizalia kwake, majirani wamekaa wanachambua dagaa. Alikataa katakata. Mmoja wao akasema, "Mabinti wa siku hizi!" Nami nikanyamaza. Kule kunyamaza ndiko kunakonitafuna.

Jumapili narudi huko huko. Nitakaa na wanawake wale wale, nichambue dagaa nao, niwaeleze habari ya dawa na kalsiamu kadiri nilivyoelewa. Wakicheka, wanicheke mimi.

Msalimie Nurudin. Kumtazama usoni bado siwezi.

Mama yako