Mwenye Kiti

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe, shemeji, na mjomba wangu, mwanao. Mgongo wako unaendeleaje? Mimi ni mzima. Macho tu ndiyo yanadai miwani mipya.

Umeniandikia kwamba viatu vya shule tunavyoshona hapa kiwandani vimepanda bei, na kwamba wateja wanakutupia maneno pale kibandani kana kwamba ni wewe uliyegoma. Ni kweli tuligoma, na mishahara imepanda. Lakini ngozi na gundi zilipanda kabla yetu. Sehemu ya bei mpya ni jasho letu, sikatai. Iliyobaki tajiri kaiongeza mwenyewe, kisha akasingizia chama cha wafanyakazi.

Kwenye mazungumzo alituonya kwamba atahamishia kiwanda kwa watu wasiojua kugoma. Fundi wa mitambo akamjibu kwamba cherehani zake hugoma kila wiki na bado hajafukuza hata moja. Tajiri mwenyewe alicheka, kisha akatoa sharti: nyongeza tutapata, hatafukuzwa mtu, ila kwa miaka miwili haajiri. Anayeondoka, kiti chake kinaondoka naye. Tukapiga kura. Nami niliinua mkono, maana wenzangu wenye watoto wadogo wasingemaliza wiki nyingine bila mshahara.

Sasa niseme lililonichelewesha kujibu. Mpango wetu ulikuwa nistaafu mwaka huu, baada ya miaka yote hii ugenini, nije nilale kwenye chumba ulichonipakia rangi, na mwanao ashike cherehani yangu. Haiwezekani tena. Jirani yangu wa kushoto alistaafu juzi. Kabla chai yake ya kuagwa haijapoa, mashine yake ilishang'olewa, na mahali pake pamepangwa maboksi.

Kwa hiyo sirudi. Nitakaa mpaka mkataba ujao, ambapo chama kimeahidi kudai ajira kwanza, pesa baadaye. Wenzangu wananitania kwamba mwenyekiti wa chama ni yule bwana wa ofisini, ila mwenye kiti hasa ni mimi.

Mwambie mwanao asiache kushona. Nisalimie wote wanaonikumbuka. Waliosahau, waambie bado nipo. Na kile chumba kipangishe, lakini mpangaji ajue kabisa: miaka miwili tu.

Ni mimi, kaka yako.