Kwa Baba Mkwe Niliyemjua kwa Mgongo

Baba mkwe,

Shikamoo. Hii ni mara yangu ya kwanza kukuamkia mwenyewe bila kumtuma mtu, na nimengoja mpaka umelala kaburini ndipo nimethubutu. Jina lako sitaliandika. Sijawahi kulitamka, na leo si siku ya kuanza utovu wa adabu. Lakini mwiko haukusema kitu juu ya barua, nami sasa ni mwalimu, basi nimeshika kalamu.

Wenzangu wa chuoni Iringa hawakutuelewa kamwe. Niliwaeleza mpaka nikachoka: kwetu Wanyakyusa, ng'ombe wakishafika kwa baba wa msichana, msichana huyo na baba wa mchumba wake hawaonani tena. Hawaangaliani, hawazungumzi, hawakai chini ya paa moja. Ndiyo heshima yenyewe. Wakacheka, "Je, mkikutana njiani?" Mkikutana njiani, anayewahi anajificha.

Nawe ulikuwa mwungwana wa njia. Kila ulipokuja likizo ulijikohoza kabla ya kona, mara mbili, kikohozi kikavu cha mtu anayejua anachokifanya, ili niwahi kuingia migombani. Unakumbuka siku ile nilipochelewa? Niliruka kando nikaangukia mtaroni, mtungi ukavunjika, goti likachanika. Ulisimama ukanipa mgongo.

"Kuna mtu ameumia huko?"

Nikafuta goti kwa kanga. Ningejibuje?

"Haya. Kama hakuna mtu, basi huyo asiyekuwepo aoshe goti kwa maji ya moto na chumvi. Na asipake kinyesi cha ng'ombe!"

Ukaenda zako. Nilibaki mtaroni nacheka peke yangu huku damu inachuruzika, na niliporudi nyumbani niliosha goti kwa maji ya moto na chumvi. Mama aliponiuliza nani kanifundisha, nilisema hakuna mtu.

Nilipochaguliwa kwenda chuo cha ualimu Iringa, msichana wa kwanza kijijini kwetu, wewe ulikuwa dresa wa serikali, mtibu wagonjwa wa zahanati, huko Njombe. Ndivyo nilivyojua. Nilipanda basi na sanduku la bati na blanketi moja, na ile baridi ya Iringa ikanipokea kama mama wa kambo. Mlezi wetu wa bweni, mama mmoja wa Kihehe asiyetaka mchezo, alitukusanya wageni wote akatuambia: chuo hakina daktari, anayeumwa achukue cheti kwake ateremke zahanati ile ya bondeni. Kwingine kote cheti cha chuo hakikukubalika. "Na msinifichie ugonjwa," akasema. "Mficha maradhi kifo humuumbua."

Haukupita muda kichomi kikanishika. Kila nikivuta pumzi ubavu unachoma. Rafiki yangu Agnesi, Mhehe wa huko huko, alinikokota hadi zahanati, akaniketisha kwenye benchi katikati ya wagonjwa. Nikiwa nimeinamisha kichwa, nikasikia kikohozi mlangoni. Kikavu. Mara mbili.

Yesu wangu! Kikohozi kile nilikijua kuliko sala ya Baba Yetu; kumbe walikuwa wamekuhamishia pale. Nilivuta blanketi usoni nikainuka kukimbia, nikaanguka kwenye ngazi. Agnesi akapiga kelele, "Dresa, njoo! Mgonjwa ni Mnyakyusa mwenzako, mwanafunzi, anakufa huyu!" Na kwa ujinga wake wa huruma akataja jina langu na la baba yangu.

Nilisikia hatua zako zikisimama. Ukageukia ukuta.

Mtu mwingine angesema mpelekeni kwingine, na kwingine hakukuwepo. Wewe ulimwambia Agnesi bila kugeuka: "Binti, mwongoze huyo asiyekuwepo mpaka kwenye dirisha la dawa. Yeye akae nje. Muulize, makohozi yana damu?" Agnesi akauliza, nikajibu, Agnesi akakurudishia, nawe ungali umetazama ukuta. Wagonjwa walikufa kwa kicheko. "Huyu dresa wa leo anatibu ukuta!" mzee mmoja akasema. Kisha ukaniambia, kupitia kwa Agnesi, niingize mkono dirishani, na nilipouingiza nilifumba macho. Sindano ya penisilini iliniuma, lakini kilichonitetemesha ni vidole vyako. Ulinishika kifundo kwa ncha za vidole viwili tu, kana kwamba unashika yai. Asubuhi baada ya asubuhi nikaleta mkono wangu dirishani, mpaka kichomi kikaachia.

Kama mambo yangeishia hapo, ningekuandikia barua ya shukrani tu. Lakini utingo mmoja wa lori, mtu wa kwetu, alikuwa kwenye foleni na jipu lake, na alipofika kwetu Tukuyu hakubakiza neno. "Dresa kamshika mkamwana wake mkono! Mchana kweupe!" Wazee wakaja juu. Mama yangu akanitumia salamu: usitutie aibu, ukiumwa tena rudi nyumbani. Rudi nyumbani! Kutoka Iringa! Kurudi nyumbani kulikuwa kuacha chuo, na yeye alijua.

Kwa hiyo homa iliponirudia sikwenda kuomba cheti. Nilijifunika, nikamwambia mlezi ni uchovu. Nilikuwa nachagua kati ya aibu yako, masomo yangu na uhai wangu, na mjinga mimi nikauweka uhai mwisho. Agnesi ndiye aliyetoroka akaja kukuambia. Alirudi na vidonge na neno moja: "Dresa kasema usome."

"Hakusema lingine?"

"Aliniuliza kama umeacha kuja kwa sababu yake. Nikasema ndiyo. Kwani nilikosea?"

Muda si muda tukasikia dresa amehamishwa, amekwenda Chunya. Akaja mwingine, Mbena, kijana mwenye mdomo mrefu na mkono mzito wa sindano, lakini niliweza kumtazama usoni. Na hapa ndipo panaponichoma, baba, panazidi kile kichomi. Nilifurahi. Nilicheza bwenini, nikamkumbatia Agnesi, nikasema serikali imenihurumia. Chunya! Kwenye vumbi na jua na wachimba dhahabu wanaopigana kwa chupa, mahali ambapo dresa akipangiwa hutafuta shangazi wa kumuugulia ili asiende. Mimi nikashangilia. Kila nilipougua tangu hapo niliteremka bondeni na cheti changu, nikapata dawa, nikarudi darasani, nikamaliza, nikaolewa na mwanao, nikapewa shule hapa Mbeya. Sikujiuliza hata siku moja kwa nini mtu wa umri wako apelekwe Chunya.

Wiki iliyopita ulikuja nyumbani kwa lori la tumbaku. Waliokuleta walitueleza kwamba ulishikwa na kichomi, kile kile changu, na Chunya nzima ilikuwa na dresa mmoja, naye ni wewe. Mganga hajigangi. Uliwaelekeza wenyewe jinsi ya kukuchoma sindano, wakaogopa, wakakupakia kukuleta Mbeya, na kule juu mlimani kwenye baridi ukakata roho.

Tulikuwa tunamenya ndizi za msibani, mimi na mama mkwe, nikasema kwa sauti ya mtu anayetafuta wa kumlaumu, "Serikali haina utu. Kumtupa baba kule."

Mama mkwe hakuinua macho. "Serikali gani? Aliomba mwenyewe."

"Aliomba Chunya?"

"Aliomba popote. Wakampa Chunya. Nilimlilia, nikamwambia watu watasahau. Akasema, watu watasahau, lakini huyo mtoto leo atatibiwa na nani?"

Tangu hapo silali vizuri, wala chakula hakipandi. Mume wangu ananiambia sina kosa, kwamba wewe ulikuwa mtu mzima na uliamua. Ni kweli. Lakini ulinipa dresa wako, ukabaki huna dresa, na mimi nikacheza ngoma. Wanafunzi wangu wakiumwa sasa nawashika mkono mwenyewe hadi zahanati, nakaa nao kwenye benchi, na hilo halinipunguzii kitu. Nilikuwa na watu wa kuwatuma wakusalimie, wakuambie nimepona, nimefaulu, na sikuwatuma. Nilijificha nyuma ya heshima, baba, kama nilivyojificha migombani, na heshima ikanifaa sana.

Jioni ile kabla ya maziko mama mkwe alinishika mkono akanipeleka mlangoni pa chumba ulicholazwa. "Ingia umwone," akasema. "Sasa hakuna mwiko."

Wanawake waliokuwa wanalia wakasogea kunipisha. Sikupanga nilichokifanya, mwili ulikifanya wenyewe. Nilisimama kizingitini nikajikohoza, mara mbili. Nikakupa mgongo. Nikangoja uwahi kujificha.

Nilingoja sana. Mama mkwe akaniambia taratibu, "Geuka tu, mwanangu." Nikageuka. Hukujificha, baba.

Ndaga fijo, baba mkwe. Asante sana, nimechelewa. Upumzike, usijikohoze tena kwa ajili yangu; njia yote sasa ni yako.

Mkamwana wako,
yule asiyekuwepo