Sahihi ya Baba Njeru

Jumatatu, 4 Agosti

Timau, shamba la maua. Baridi ya kukata masikio. Mawaridi ya leo yana miiba mirefu na glavu yangu ya kushoto imetoboka tena. Supavaiza anasema nyingine hazijafika. Hazijafika tangu Juni.

Mama amepiga simu kutoka nyumbani, Kibugu. Baba Njeru ananitafuta. Hakusema kwa nini. Najua.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeenda nyumbani. Heri nisingeenda.

Baba Njeru ni jirani, shamba lake la chai linapakana na letu. Nilipoomba mkopo wa serikali niende chuo cha ufundi Meru, baba yangu alikuwa kitandani, hawezi kushika kalamu. Baba Njeru akaweka sahihi kama mdhamini. Sasa sako ya chai, chama cha akiba cha wakulima, imemnyima mkopo. Jina lake liko kwenye orodha ya wasiolipa, kwa sababu yangu. Pesa hiyo ilikuwa ya kumpeleka chuo Wanja, kitinda mimba wake. Kuripoti ni tarehe nane Septemba.

Hakunigombeza. Alinipa chai.

"Mimi nilidhani ni kama kusimamia harusi," akasema. "Unaweka sahihi, unakula, unaenda nyumbani."

Angenitukana ningelala vizuri.

Jumanne, 12 Agosti

Ukweli, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Baba alipokufa niliacha chuo, mwaka wa pili. Nikajiambia sikupata cheti, sasa nalipa nini? Kule Kinoru nilikopanga chumba, wote tulioacha tulisema hivyo hivyo, na tukaaminiana. Ujumbe wa deni ukaanza kuja. Nikabadilisha laini ya simu. Hawakunipata mimi, wakampata Baba Njeru.

Mjinga ni mimi.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimewapigia simu watu wa mikopo. Deni limezaa, faini juu ya faini. Dada wa simu ana sauti tamu. Nikimaliza malimbikizo, jina la mdhamini litaondolewa. Lini? Hapo akaniambia nisubiri kwenye laini, ikakatika.

Jumamosi, 30 Agosti

Mshahara, na avansi ya mwezi ujao juu. Nimeuza kitanda na jiko la gesi. Mama ameuza mbuzi wa maziwa bila kuniuliza. Nimelipa malimbikizo yote kwa simu, nikiwa nimesimama langoni mwa shamba. Ujumbe ukaingia, asante kwa malipo yako. Nikalia mbele ya askari wa lango. Kwa furaha, Mungu wangu. Zimebaki siku tisa.

Ijumaa, 5 Septemba

Jina bado liko. Nimepiga simu mara nne. Wanasema orodha hurekebishwa mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi!

Wanja angeomba mkopo wake mwenyewe, lakini fomu inataka mdhamini, na Kibugu hakuna anayeweka sahihi tena. Habari yangu imefika mpaka kituo cha kupimia chai. Mzee wa kanisa, aliyekuwa akiwawekea watoto wote, amesema kalamu yake imeisha wino. Mama alinisimulia akicheka kidogo.

Jumatatu, 8 Septemba

Leo ndiyo leo. Nimekata mashina kutwa. Sikula. Mama hakupiga, nami sikupiga.

Alhamisi, 2 Oktoba

Jina limetoka. Baba Njeru alinipigia mwenyewe kunishukuru. Kunishukuru, mimi! Nilitamani ardhi inimeze. Chuo kilishafunga kuandikisha, lakini anasema Wanja ataenda Januari, Mungu akipenda. Kwa sasa atafute kazi kidogo asikae bure.

Mwaka ule nilipoacha, mimi pia nilisema Januari.

Jumatatu, 6 Oktoba

Ukungu asubuhi. Supavaiza ameleta wafanyakazi wapya. Wa tatu kwenye mstari alikuwa Wanja, amevaa gambuti za babake. Mama ndiye aliyemwelekeza huku. Akapangwa kwenye meza yangu ya kukatia mashina. Akanisalimia kwa adabu, kama siku zote, akauliza kama ni kweli mvua ya huku ina barafu.

Glavu bado hazijafika. Nikampa yangu ya kulia, ile nzima. Kisha nikamwonyesha pa kushika shina.